Tundu Katika Boneti

Uhakiki haukuwekwa kwa ajili ya vitabu peke yake. Mtu awezaye kusoma shairi na kusema kuwa ubeti huu umesimama na ule umeanguka, aweza pia kusimama mbele ya mlango, kiti, jembe au motokaa akatoa hukumu ya haki. Tena hukumu hiyo ina uzito wake, maana shairi baya humchosha msomaji tu, lakini kazi mbaya ya chuma humwacha abiria kando ya njia. Kwa hiyo, msomaji, weka diwani yako kando kwa muda mfupi, ututazame pamoja kitu ambacho labda wakipita kila siku bila ya kukifikiri: matundu ambayo watu huyatoboa kwa mikono yao wenyewe katika boneti za magari yao.

Bila shaka umeyaona. Gari la zamani, pengine la mwalimu, pengine la mfanya biashara wa sokoni, lapita likiwa na mipasuo miwili au minne juu ya boneti. Mingine imekatwa kwa msumeno wa chuma na kulainishwa kwa tupa mpaka kingo zake zang'aa. Mingine imepigwa kwa tindo, nayo midomo yake imekunjamana kama ya mkebe uliofunguliwa kwa kisu. Wako na watu ambao hawatoboi kitu. Hununua kofia ya plastiki iliyofanywa mfano wa tundu, wakaibandika kwa gundi juu ya chuma kizima. Ukimwuliza mwenye gari sababu, jibu aghalabu ni moja: "Ili injini ipate hewa." Jibu hilo ndilo tutakalolipima. Kila tundu ni usemi. Lasema, "Joto latokea hapa," au lasema, "Hewa baridi yaingilia hapa." Na kila usemi waweza kuwa kweli, na waweza kuwa uongo.

Mhakiki asiyejua sheria za mizani hawezi kuhukumu shairi. Vivyo hivyo hatuwezi kuhukumu tundu kabla ya kujua kazi yake. Injini huchoma mafuta, na sehemu kubwa ya joto la moto huo haigeuki kuwa mwendo. Joto jingine hutoka kwa bomba la moshi, na jingine huchukuliwa na maji yazungukayo ndani ya injini mpaka kwenye rejeta. Rejeta ni wavu wa mirija myembamba uliosimama mbele ya gari. Upepo hupenya katikati ya mirija hiyo, ukaondoka na joto. Watu wengi hukoma hapo katika fikira zao. Huuliza upepo waingia wapi, wala hawaulizi watokea wapi. Lakini hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Jaribu kupuliza ndani ya chupa uone. Upepo uliokwisha kupenya rejeta wajikuta katika chumba kilichojaa injini, betri, mabomba na nyaya, nao hauna budi kuinama na kutafuta njia chini ya gari. Chumba kile kikishiba hewa, ile ya nje hupungua kuingia. Hiyo ndiyo hoja ya haki ya tundu la boneti: kuifungulia mlango hewa iliyomaliza kazi yake. Ni hoja njema, na mafundi wa magari ya mashindano huitegemea.

Hata hivyo hoja njema yataka mahali pake. Hewa haisukumi sawasawa juu ya boneti nzima. Pale mbele, upepo unapopinda na kupanda juu ya ukingo, huenda mbio, na msukumo wake juu ya bati hupungua. Tundu likiwa hapo, hewa ya ndani huvutwa nje. Nyuma, pale boneti inapokutana na kioo cha mbele, mambo yageuka. Upepo hugonga kioo, ukasongamana, ukasukuma kwa nguvu kuelekea chini. Tundu lililo karibu na kioo halitoi hewa wakati gari liendapo kwa kasi, huingiza. Wenye kujua siri hiyo wameitumia vizuri. Chevrolet Camaro ya mwaka 1969 iliweza kununuliwa ikiwa na boneti yenye mdomo ulioelekea kioo, ili injini ivute hewa ya kuchomea mafuta kutoka pale inaposongamana. Mdomo ule ulisema, "Hapa hewa yaingia," na ilikuwa kweli.

Sasa tutazame kazi moja mashuhuri, ambayo ilianza kama kazi ya nyumbani. Mwaka 1948, huko Marekani, mchoraji wa magari ya Buick aitwaye Ned Nickles alitoboa matundu manne kila upande wa boneti ya Buick Roadmaster yake mwenyewe. Ndani ya kila tundu akatia taa ya rangi ya kaharabu, na taa hizo akaziunganisha na distributa, yaani chombo kigawacho cheche kwa silinda. Injini ilikuwa na silinda nane na matundu yalikuwa manane. Taa zilimeta kwa kufuata mapigo ya silinda, ikawa kana kwamba ndimi za moto zatoka katika mabomba ya ndege ya vita. Kumbuka kuwa Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu nyuma yake, na ndege hizo zilikuwa bado machoni mwa watu. Harlow Curtice, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni, alilipenda wazo lile, na Buick za mwaka 1949 zikatoka na matundu ubavuni, katika madigadi za mbele. Taa ziliachwa. Roadmaster ilipewa matundu manne kila upande na Super matatu, hata jirani aliweza kuyahesabu akajua umelipa kiasi gani. Jina lake, VentiPorts, lilitangaza kuwa yapitisha hewa. Lakini kabla magari ya mwaka huo hayajaisha kutoka kiwandani, matundu yalianza kuzibwa kwa ndani.

Hukumu yangu ni hii. Kazi ya Nickles naipenda. Ilikuwa mchezo, haikujidai kuwa dawa ya joto, na taa zake zilisema kweli juu ya moto uliokuwa ukiwaka ndani. Kiwanda kiliichukua sura ile ile, kikaondoa taa iliyosema kweli, kikaongeza dai la hewa, kisha kikaizuia hewa. Kazi ya nyumbani ilisema kweli kwa mzaha. Kazi ya kiwanda ikasema uongo kwa uso mkavu. Usidhani basi kwamba kitu cha kiwandani daima ni bora kuliko cha mkono.

Pengine utaniuliza, je, pambo ni dhambi? La, hasha. Milango ya Lamu imejaa nakshi zisizozuia mwizi wala mvua, wala hapana mwenye akili azichukiaye. Nakshi hukwambia kuwa ni nakshi. Hata Mercedes-Benz 300SL, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1954, ina vinundu viwili virefu juu ya boneti yake, na kimoja tu ndicho kinachohitajiwa na injini. Cha pili kiliwekwa ili macho yapate ulinganifu. Namsamehe mchoraji wake bila ya shida, maana kinundu cha pili hakidai kazi yoyote, na ubavuni mwa gari lile mna matundu mfano wa mashavu ya samaki ambayo kweli hutoa joto la injini.

Nisiyemsamehe ni yule abandikaye kofia ya plastiki. Nchini kwetu jambo hili lina historia yake. Subaru Impreza, ambayo Colin McRae aliiendesha akashinda Safari Rally mwaka 1997, ina mdomo mpana juu ya boneti. Mdomo huo hauwekwi kwa fahari. Katika magari ya namna hiyo yauzwayo kwa watu, injini ina tabo, ambayo huikandamiza hewa, na hewa iliyokandamizwa hupata moto. Kwa hiyo chini ya mdomo kuna chombo kama rejeta ndogo cha kuipoza kabla haijaingia katika silinda. Upepo wa mdomo hupita juu ya chombo hicho. Sasa kijana aona mdomo, aupenda, anunua wa plastiki na kuubandika juu ya gari lisilo na tabo wala chombo, na bati la chini yake halina hata tundu la sindano. Washairi wetu wanalijua kosa hili. Ni neno la kujazia mizani: limekaa mahali pa neno, lina silabi za neno, nalo halina kitu. Msikilizaji mzuri hulisikia mara moja, kama mtu agongaye debe tupu.

Baada ya kuwahukumu wengine kwa ukali namna hii, yanipasa nilete na kazi yangu. Mganga hajigangi, na mimi nilikuwa mhakiki mbaya kabisa wa mkono wangu.

Nafundisha katika chuo cha walimu, huko nyanda za juu. Katika muhula wa mazoezi ya kufundisha, kazi yangu ni kuzunguka katika shule za msingi na kuwakagua wanafunzi wetu wakiwa mbele ya madarasa. Gari langu ni la zamani, na mwaka ule mshale wa joto ulianza kupanda kila nilipokutana na mlima. Jumamosi moja nikaazima keekee na tindo, nikapasua mipasuo miwili katika boneti. Niliipasua nyuma, karibu na kioo. Nitakwambia kwa nini, maana sababu zangu ndizo somo lenyewe: pale bati lilikuwa tambarare na jepesi kukatwa, na pale ningeweza kuyaona matundu yangu niketipo kwenye usukani. Nikayapaka rangi nyeusi. Nikawaambia wenzangu kwamba gari limepona. Nikaenda dukani na kurudi, mshale haukupanda, nami nikauona huo kuwa ushahidi, ingawa njia ya dukani haina hata kilima kimoja.

Jumatatu nilikuwa na miadi na mwanafunzi mmoja katika shule iliyo mbali, upande wa pili wa Timboroa. Barabara ile hupanda mpaka zaidi ya mita 2,700. Nilikuwa katika gia ya pili, nyuma ya lori lililobeba mbao, nikaona mvuke watoka katika matundu yangu mazuri na kukijaza kioo chote. Nikasimama. Sikuthubutu kufungua kifuniko cha rejeta, maana maji yale yangeniunguza uso. Nikaketi juu ya jiwe kungojea gari lipoe, na kwa kuwa sikuwa na maji ya akiba nikangojea pia mtu wa kunigawia.

Mwanafunzi yule alikuwa ametayarisha somo la utungaji wa shairi. Alikuwa amechora chati zake juu ya magunia yaliyofumuliwa, akazitundika toka alfajiri. Alisimama mbele ya watoto arobaini na zaidi akinitazamia. Nilifika saa nane, chati zimekwisha kukunjwa. Ukaguzi wake uliahirishwa kwa wiki tatu, naye akalazimika kulipia chumba cha kupanga kwa wiki hizo tatu zaidi. Aliponiona nashuka garini, mikono imejaa masizi, hakunilaumu. Alisema, "Pole, mwalimu. Gari limepata nafuu?" Nilimjibu kuwa limepata. Hilo nalo halikuwa kweli.

Tuihakiki basi kazi ile kama tulivyohakiki nyingine. Kosa la mahali umekwisha kulitambua wewe mwenyewe. Lakini kosa la pili ni kubwa kuliko hilo, na nimeona watu wengi wenye akili wakilifanya. Nguvu ya upepo juu ya gari hufuata kasi kwa namna ya ajabu: kasi ikiongezeka mara tatu, msukumo huongezeka mara tisa. Gari liendalo kilometa 30 kwa saa mlimani hupata sehemu moja tu ya tisa ya msukumo lipatao likienda kilometa 90. Na gari huchemka wapi? Huchemka mlimani, polepole, nyuma ya lori. Hata kama ningalitoboa mahali panapofaa, tundu langu lingalikuwa na nguvu kidogo sana saa ile niliyolihitaji. Katika mwendo ule feni ndiyo ifanyayo kazi, na kama rejeta imeziba, feni hupuliza ukuta.

Nayo rejeta ilikuwa imeziba. Mirija yake ilijaa kutu kwa ndani, na kwa nje wadudu na vumbi vilikuwa vimeshika kama udongo katika kuta za nyumba. Tena mpira wa kifuniko ulikuwa umechakaa. Huenda ukakidharau kifuniko, lakini fikiri kidogo. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa digrii 100; Timboroa huchemka kwa karibu 91, kwa kuwa huko hewa ni nyepesi. Kifuniko kizima huyabana maji, yakaweza kupita digrii 110 bila ya kuchemka. Kilichochakaa huyaachia. Kwa hiyo gari langu lilikuwa likipanda mlima, na kiwango cha kuchemka kikishuka kuja kulipokea. Dawa yote ilikuwa rejeta kusafishwa na kifuniko kipya. Mimi niliwapa watu tundu.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha usiku kucha, maji yakapita katika mipasuo na kudondoka juu ya koili, na asubuhi gari likakataa kuwaka. Hilo silielezi zaidi.

Chuoni kwetu yuko mwalimu wa ufundi wa chuma, mtu wa maneno machache, mwenye pikapu iliyo kuukuu kuliko gari langu. Nayo ina matundu katika boneti. Nilipokwenda kwake na aibu yangu, hakunifundisha kwa mdomo. Alileta uzi wa sufu. Alikata vipande vya urefu wa kidole, akavibandika kwa utepe wa gundi juu ya boneti yote, kisha tukaenda barabarani, yeye akiendesha na mimi nikitazama. Nyuzi za mbele zilinyooka kuelekea nyuma. Zile za karibu na kioo zilihangaika, nyingine zikageuka kabisa kuelekea mbele. Nilikuwa nikisoma upepo kama mtu asomaye maandishi. Baadaye alitwaa mrija mwepesi wa plastiki, akaupinda kama herufi U, akautia maji ya rangi, ncha moja akaipeleka juu ya boneti na ya pili chini yake. Maji yakipanda upande wa ncha ya juu, hewa ya nje inavuta, na tundu lililo hapo litatoa. Yakipanda upande wa pili, litaingiza. Chombo hicho hakimalizi shilingi mia mbili, nacho hakijui kumsifu mwenyewe.

Kazi yake niliitazama kwa makini. Mipasuo iko nyuma tu ya rejeta, katikati ya mbavu za boneti, bila ya kuukata hata ubavu mmoja. Katika kila mwisho wa mpasuo alitoboa kwanza tundu dogo la mviringo kwa keekee, maana ufa huanzia penye pembe kali, na boneti hutikisika siku zote. Mbele ya kila mpasuo bati limeinuliwa kidogo, ili upepo uruke juu yake na kuongeza mvuto. Chini yake kuna kihori cha bati kinachopokea matone ya mvua na kuyamwaga ubavuni. Kingo zimepakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Si kazi nzuri kwa macho, yanibidi niseme. Mpasuo wa kulia umezidi wa kushoto kwa upana wa kidole, na mtu mwenye jicho la ulinganifu atasumbuka kila alipitapo gari lile.

Nilimwuliza, "Mwalimu, uliposafisha rejeta gari lilichemka tena?"

"Halikuchemka."

"Basi ulitoboa kwa nini?"

Akanieleza kwamba taabu yake haikuwa mlimani. Alikuwa akisimama sokoni baada ya safari ndefu, akazima injini, na joto likabaki limefungiwa chini ya boneti mpaka petroli ikageuka mvuke katika kabureta. Akirudi na mizigo yake gari haliwaki. Gari likiwa limesimama hakuna upepo, lakini joto lenyewe hupanda, na likiona njia juu yake hutoka. Matundu yale yalikuwa ya gari lililosimama. Mwendoni alikuwa ameyapima ili yasidhuru tu. Mimi niliyekuja kuyahakiki nilikuwa nimeyasoma vibaya, kwa kuwa sikumwuliza mwenyewe alitaka kusema nini.

Mipasuo yangu niliifunika kwa vipande viwili vya bati la debe la mafuta ya kupikia, nikavipiga ribiti. Rangi haikulingana, na maandishi ya debe yaonekana kidogo jua likiwa la pembeni. Mwanafunzi yule alifaulu katika ukaguzi wake wa pili. Nilipofika siku hiyo, dakika ishirini kabla ya wakati, alilizunguka gari, akaviona viraka, akaviona na vipande vya uzi wa sufu ambavyo sikuwa nimevibandua, akaniuliza vya nini.